Hawachezi, Wanakimbizwa

Juzi nimetumiwa video ya Mida, hori yetu ya bahari hapa Watamu. Boti ya injini inaliendea mbio fungu la mchanga, ndege mamia wanaruka kwa pamoja, na nyuma ya kamera mtu anacheka: "Waone wanavyotuchezea!" Watu wameimiminia mioyo kama mvua ya masika.

Hawachezi, bwana. Wanakimbizwa.

Mtu wa hori hii hahitaji kufundishwa. Maji yakijaa, hasa bamvua, yale maji makubwa kabisa, tope lote wanalokulia ndege linafunikwa, wanabaki na kifungu kimoja cha kusimama mguu mmoja wakingoja maji yapwe. Hapo ndipo wanapopumzikia, na hapo hapo ndipo mgeni anapotaka picha. Tena Machi! Kitwitwi yule wa mdomo uliopinda, gramu 60 hivi, uzito wa yai la kuku, anakula usiku na mchana atie mafuta ya kumfikisha Siberia kabla kusi halijashika. Siberia, si Kilifi. Kila akirushwa bure anayachoma mafuta yale papa hapa, nasi tunapiga makofi.

Oktoba moja nilikaa mikokoni na mjomba, yeye na kaa wake, mimi na darubini. Akatua ndege yule mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, mdomo kama koleo. Akamkamata kaa, akamkung'uta miguu ikatoka. Nyuma yake kinda la kijivu, kimo sawa na mzazi, linapiga filimbi likiomba. Mjomba akasema, "Huyo kamaliza shule na bado anaomba nauli." Ndege hao hutaga yai moja tu, ndani ya shimo la mchanga, huko pwani za Uarabuni, kisha mzazi anaandamana na mwanawe hadi huku akiendelea kumlisha. Haya, pitisha boti katikati yao.

Najua, nahodha ana watoto na mgeni ndiye mwenye pesa. Sawa. Lakini lile daraja la mbao la mikokoni, na kibanda chake cha kutazamia, kiingilio chake kimesaidia kulipa karo za watoto wa hapa bila kumrusha ndege hata mmoja.

Wanaosema ndege ni mambo ya wazungu, sina muda nao leo.

Mwenye video nilimwandikia, kwa adabu kabisa. Kanijibu kwa kuuliza kama wanaliwa.