"Mimi nina nini cha kuibiwa?"

Mwambie mtu wa Kisauni au Majengo abadilishe nywila ya rauta yake, kile kisanduku kinachogawa waifai nyumbani, na jibu analo tayari: "Mimi nina nini cha kuibiwa?" Pesa ziko kwenye simu, picha ziko kwenye simu, na kompyuta iliyo sebuleni ni ya watoto kufanyia kazi za shule. Wataalamu huuita uzembe. Kwa kiasi fulani wanamwonea.

Wamemchosha wao wenyewe. Miaka nenda miaka rudi aliambiwa abadilishe nywila kila miezi mitatu, naye akafanya wanavyofanya wengi: Bahari1 ikawa Bahari2. Mwaka 2017 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ikashauri mashirika yaache kulazimisha mabadiliko hayo kama hakuna dalili kwamba nywila imevuja. Aliyepuuza agizo lile hakukosa kitu.

Ila kwenye rauta hoja yake haisimami. Mvamizi wa huko hana haja na mali yako; anatafuta mashine inayokesha. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilizunguka intaneti kikijaribu majina na nywila za kiwandani, jozi zipatazo 60, kwenye kamera na rauta. Vifaa hivyo vilivyotekwa ndivyo vilivyoielemea kwa wingi wa maombi kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikizielekeza kompyuta kwenye tovuti, tarehe 21 Oktoba, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani. Wenye vifaa hawakuibiwa hata shilingi. Mwenye rauta ya namna hiyo huona intaneti imekuwa nzito tu, akailaumu kampuni.

Na kampuni nayo haijatakata. Fundi wa faiba huchomeka, hujaribu video moja, akaenda zake, na nywila ya mipangilio ikabaki vilevile ilivyotoka kiwandani. Uingereza imemtwika muuzaji mzigo huo: tangu 29 Aprili 2024 sheria yake inakataza vifaa vya intaneti vya nyumbani kuuzwa vikiwa na nywila moja rahisi kwa wote. Naona huko ndiko mzigo unakostahili kukaa. Lakini rauta iliyokwisha kufungwa ukutani haingoji sheria, na kazi yenyewe ni ya robo saa.

Igeuze usome kibandiko: kina anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Iandike kwenye kivinjari ukiwa kwenye waifai yako. Badilisha nywila ya kuingilia mipangilio. Si ile ya waifai, na hapa ndipo wengi hubadilisha moja wakadhani wamemaliza. Funga njia ya kuingia mipangilio kutoka nje, yaani kupitia intaneti. Kwenye ulinzi wa waifai chagua WPA2 au WPA3, kisha zima WPS, ile njia ya kuunganisha vifaa bila kuandika nywila: namba yake ya siri ina tarakimu 8, lakini rauta huikagua vipande viwili na tarakimu ya mwisho hutokana na zile 7, kwa hiyo majaribio 11,000 yanaimaliza. Kile kitundu cha sindano cha kurudisha rauta ilivyotoka kiwandani usikiguse. Hufuta kila kitu, na huenda kikafuta hata mipangilio ya kampuni, ukabaki bila intaneti mpaka fundi arudi.

Jirani akiomba waifai, na kumnyima jirani ni aibu, mfungulie mtandao wa wageni wenye nywila yake. Kufikia Ijumaa jengo zima litakuwa nayo, lakini itakuwa ni hiyo, si yako.