Mhandisi wa vifaa tiba aanzie wapi: hospitali au kampuni?

Kijana anayesomea uhandisi wa umeme na vifaa tiba katika Chuo cha Ufundi Arusha hufikiria zaidi njia mbili za ajira: karakana ya hospitali, kama Mount Meru au KCMC ya Moshi, na kampuni zinazoziuzia hospitali mashine. Wachache huwazia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, au utafiti katika Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru.

Wanaotetea kampuni wana hoja nzito. Kampuni inaweza kumpeleka fundi wake kwa mtengenezaji, akafundishwe CT-Scan (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili) au mashine ya kusafishia damu kwa undani, na kumpa nenosiri la programu ya kutafutia hitilafu, ambalo mara nyingi hospitali haipewi. Fundi wa hospitali, kwa upande wake, anaweza kujikuta akibadilisha taa za wodini kwa sababu mwajiri hatofautishi kazi yake na ya fundi umeme wa majengo, na hilo linavunja moyo kweli.

Hata hivyo, naona hospitali ndiyo mahali pa kuanzia. Mwaka 2010, watafiti Robert Malkin na Allison Keane walichapisha uchambuzi wa maombi ya matengenezo kutoka hospitali 60 katika nchi 11 zenye uhaba wa rasilimali. Ulionyesha kwamba takribani thuluthi mbili ya vifaa vilivyosimama vingeweza kurudishwa kazini kwa ujuzi wa msingi, bila kuagiza vipuri kutoka nje. Mtambo wa oksijeni ulioziba chujio kwa vumbi, au mashine ya kutunzia watoto njiti iliyoungua fyuzi, haumsubiri mtaalamu wa kigeni. Unamhitaji mtu aliyepo wodini usiku huohuo, anayejua pia kumwelekeza muuguzi namna ya kuutumia. Upana huo wa ujuzi ni vigumu kuupata kwenye kampuni yenye aina moja tu ya mashine.

Sharti langu ni moja: pawepo karakana yenye vifaa vya kupimia na fundi mkongwe wa kumwongoza. Pasipokuwapo, siwezi kumlaumu anayekwenda kwenye kampuni. Kwa hiyo, mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo aombe kuona daftari la matengenezo, ahesabu ni kazi ngapi zilikamilishwa na mafundi wa hospitali wenyewe, kisha ndipo aamue kama atarudi hapo kuomba ajira.