Daktari akikwambia "katembee", hajakufukuza

Mwanaume wa miaka arobaini na kitu, kitambi kimemtangulia, anajikaza muda mrefu mpaka anaingia kwa daktari kusema kilichompeleka: chumbani mambo hayaendi. Anapimwa sukari asubuhi kabla ya kula, inasoma 6.4. Kisukari bado, lakini si salama. Anasubiri kuandikiwa dawa, anaambiwa akatembee. Akitoka pale anaona amepigwa chenga. Wengi wa aina yake huishia kwenye vumbi la Kongo na supu ya pweza, na siwalaumu sana, maana hakuna aliyewaeleza miguu inahusiana vipi na huko.

Inahusiana kwa njia ya damu. Sukari iliyozidi na mafuta ya tumbo huchakaza utando wa ndani wa mishipa, na utando huo ndio unaotengeneza naitriki oksidi, gesi inayoilegeza mishipa ili ijae damu. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4. Uchakavu ni uleule, ila kwenye bomba jembamba ndiko unakojulikana mapema. Mara nyingi uume hulalamika miaka miwili mitatu kabla ya kifua. Mtu akitembea kwa kasi hadi ahemwe, damu inayopita kwa nguvu huuamsha utando ule utengeneze gesi zaidi, na misuli nayo hunyonya sukari.

Sasa kuna jaribio moja ambalo nadhani lingefaa kubandikwa kwenye kila kliniki. Katherine Esposito na wenzake, Italia, matokeo yakatoka mwaka 2004: wanaume 110 wanene kupita kiasi, wa miaka 35 hadi 55, wenye tatizo la kusimamisha ila hawajapata kisukari. Nusu walipewa ushauri wa juu juu kuhusu chakula na mazoezi. Nusu nyingine walisimamiwa kwa karibu, wapunguze uzito na waongeze kutembea. Baada ya miaka miwili, waliorudi katika hali ya kawaida walikuwa 17 upande wa waliosimamiwa, na 3 upande wa pili.

Anayetaka kubisha atasema: basi 38 kati ya 55 hawakupona. Kweli kabisa. Lakini tazama walichofanya. Muda wa mazoezi ulitoka dakika 48 kwa wiki hadi 195, yaani haifiki nusu saa kwa siku. Tazama na miili yao: BMI, yaani kipimo cha uzito kulinganisha na urefu, ilishuka kutoka 36.9 hadi 31.2, na unene uliokithiri huanzia 30. Kwa wastani, basi, bado walikuwa wanene kwa vipimo vya hospitali. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa bure, wakidhani mpaka wawe na tumbo la mwanajeshi ndipo waone kitu. Na ukilichukua kundi lote la waliosimamiwa, waliopona na wasiopona, wastani wao ulipanda alama 3 katika dodoso la nguvu za kiume lenye alama 25, wakati kundi la pili halikusogea.

Upande wa kidonge nao una hoja, tena nzito. Jaribio lile lilichanganya chakula na mazoezi, kwa hiyo huwezi kuwapa miguu sifa yote. Na miaka miwili ni mingi. Ndoa nyingine haina subira hiyo. Sildenafili, kidonge cha kusaidia kusimamisha ambacho wengi wanakijua kama Viagra, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, inafanya kazi ndani ya saa moja. Mtu anayetoka kibaruani saa mbili usiku, mtaa hauna taa, magoti yanauma, ukimwambia habari za jogingi unamwongezea mzigo tu.

Ila kidonge chenyewe kinaitegemea gesi ile. Hakiitengenezi, kinalinda kazi yake isikatike mapema. Utando ukishachakaa sana, kidonge kinakosa cha kulinda, na ndiyo sababu wenye kisukari hupata faida ndogo kuliko wengine. Tena mapitio ya mwaka 2023 yaliyokusanya majaribio 11 ya mazoezi ya kuhemesha, wanaume 1,147, yaliona aliyezidiwa ndiye anayenufaika zaidi: karibu alama 5 katika dodoso la alama 30, dhidi ya 2 na kitu kwa mwenye tatizo dogo. Mimi ningetarajia kinyume chake.

Na kidonge hakigusi sukari. Muuza dawa za mtaani ndiye wa kuogopwa zaidi hapa, hasa dawa yake inapofanya kazi. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekuta mara nyingi sildenafili iliyofichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili. Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti, zile za kutuliza maumivu ya kifua, akiinywa bila kujua, presha inaweza kuporomoka akafa. Aliye mzima anafurahi, harudi kupimwa, na kisukari kinamkuta hukohuko.

Kosa la madaktari ni kuyatoa mazoezi kama nasaha badala ya dawa. Kipimo kinajulikana: dakika 40, mara 4 kwa wiki, miezi 6. Kiandikwe kwenye cheti hivyohivyo na tarehe ya kurudi kupimwa sukari, na chini yake kidonge cha kuanzia, kwa asiyetumia naitreti.