Usukani Ukitetemeka, Kila Mtu Fundi

Sisi wenye magari ya mtumba tuna heshima zetu barabarani mpaka pale tunapokanyaga breki. Hapo Toyota IST ya watu, namba D, AC inapuliza baridi, inaanza kutikisa usukani hadi abiria wa mbele anashika dashibodi na kusoma dua kimoyomoyo.

Dalali naye hakudanganya, tumpe haki yake. Alikuruhusu ulijaribu gari. Ila alikupitisha mtaani kwenye matuta, mwendo wa 30, na ugonjwa huu kwa 30 haujitokezi. Unaanza kuusikia vizuri kuanzia 70 na kupanda. Sasa kati ya Ubungo na Kariakoo, hapa Dar, 70 unaipatia wapi? Ndiyo maana wengi huugundua wakishapita Kibaha kuelekea Chalinze, lori la mbele limesimama bila taarifa.

Ukirudi mjini, kila mtu fundi. Jirani: "Hiyo balansi ya tairi tu." Shemeji: "Mafuta ya breki yamechakaa, mwaga uweke mapya." Fundi mwenyewe, bila kuinuka kwenye kiti: "Bosi, diski za breki zimepinda. Lete hela nikachukue nyingine mtaani Gerezani." Hakuna hata mmoja aliyeuliza linatetemeka wakati gani. Na swali hilo ni la bure, labda ndiyo sababu hakuna anayeliuliza.

Gari likitetemeka kwenye mwendo hata kama hujagusa breki, achana na breki kwanza. Angalia balansi, rimu iliyokula shimo, tairi lililovimba. Likiwa limetulia kwa 90 halafu likaanza pale tu unapokanyaga, hapo ni breki. Usukani ukicheza, anzia mbele. Usukani umetulia lakini kiti na sakafu vinatikisika, nenda nyuma. Umekanyaga kwa nguvu kwenye changarawe au utelezi, pedali inakupiga mguuni na kuna mlio wa grrr, hiyo ni ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge, iko kazini. Mshukuru Mungu uendelee na safari, usimpelekee mtu akachomoe fyuzi. Mafuta ya breki ya zamani yana madhara yake, pedali hulainika na breki hufa mlimani, lakini mtetemo unaofuata mzunguko wa tairi hayauleti. Kwa mwendo wa 90 tairi la IST huzunguka mara 13 hivi kwa sekunde, na kila mzunguko pedi, kile kipande kinachobana diski, inapita kwenye kasoro ileile. Mafuta hayana kasoro ya kuzunguka, shemeji.

Nyuma kuna kipimo rahisi. IST ina dramu nyuma, yaani pipa la chuma linalobanwa kwa ndani na viatu vya breki, na hendibreki inatumia viatu vilevile vya breki ya mguu. Tafuta barabara tupu, nenda 40, bonyeza kitufe cha hendibreki usikiachie, kisha vuta taratibu. Gari likitikisika, dramu si duara tena. Magari mengi yenye diski nyuma yana dramu ndogo ya hendibreki iliyojificha ndani ya diski, na hapo kipimo hiki hakikuambii chochote.

Sasa turudi kwenye "zimepinda". Mara nyingi diski haijapinda kama watu wanavyodhani. Imepishana unene. Upande mmoja umeliwa zaidi, au umegandiwa na masizi ya pedi kwa sababu dereva alishuka mlima akifunga breki, akasimama kwenye foleni na mguu bado umekandamiza pedali huku diski ni ya moto. Tofauti ya milimita 0.02 inatosha kukutikisa. Kuipima unahitaji mikromita, kipimo cha unene chenye ncha ndogo, si vernia, ile rula yenye taya, kwa kuwa ukingo wa diski iliyotumika huwa na tuta la kutu ambacho vernia inakikamata na kukudanganya. Pima sehemu 8 kuzunguka diski, milimita 10 kutoka ukingoni. Halafu linganisha na namba iliyogongwa kwenye diski yenyewe, imeandikwa MIN TH, yaani unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Ukiwa chini ya hapo, hakuna kukereza, ni kununua. Na ukinunua za mtumba pima kabla hujalipa, muuzaji akununie anavyotaka.

Ila kinachoudhi kuliko vyote ni diski mpya, pedi mpya, risiti ndefu, na baada ya kilomita elfu chache mtetemo umerudi uleule. Fundi anasema diski ni feki. Huenda. Lakini muulize kama alisafisha habu. Habu ndicho kitako ambacho diski inakaa, na kwenye gari la miaka 20 kimejaa kutu. Ukipachika diski mpya juu ya ganda la kutu, inakaa upande. Diski ikiyumba zaidi ya milimita 0.05, yaani kama nusu ya unene wa karatasi ya kuchapia, siku za mwanzo husikii kitu. Pedi inaiparuza palipotokeza kila mzunguko, hata mguu ukiwa mbali na breki, mpaka pale pamekuwa pembamba. Hapo ndipo usukani unaanza kucheza na wewe unamtukana Mchina.

Dawa yake ni brashi ya waya, msasa, na dakika kumi za uvumilivu, hasa kuzunguka shina la kila boliti. Usipake grisi nene juu yake. Kisha funga diski kwa nati zote ukiweka washa chini yake, hakikisha beringi haina mchezo, weka saa ya kupimia, kile kipimo chenye mshale kinachoonyesha diski inavyoyumba, milimita 10 kutoka ukingoni, na zungusha. Ikizidi 0.05, toa diski, isogeze tundu moja, pima tena. IST ina boliti nne, una nafasi nne za bahati. Mafundi wenye hiyo saa wapo, ila usiwatafute chini ya mwembe.

Umemaliza vizuri, wiki ijayo pancha. Kijana wa tairi anachomeka bomba la sentimita 60 kwenye spana na kupanda juu yake. Kilo 80 kwenye bomba hilo ni nguvu ya kukaza ya karibu niutoni mita 470. Toyota wanataka 103. Na kwa kuwa anakaza kwa kufuata duara badala ya kupishanisha, diski uliyoinyoosha kwa jasho inavutwa upande. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, si anasa ya mzungu, na kama huna, angalau kaza kwa mkono wa kawaida, nati zinazotazamana, kidogokidogo.

Kalipa, yale makucha yanayobana pedi kwenye diski, nazo usizisahau. Toa pini zake mbili: lazima ziteleze kwa vidole. Pedi ya ndani imekwisha na ya nje bado nene, mara nyingi pini imeganda. Paka grisi ya breki, si ile ya beringi, kwani hiyo huvimbisha mipira na pini inaganda upya. Na pini yenye mpira nchani irudi kwenye tundu lake, zisibadilishane.

Ukishakereza au kubadili, fanya kushoto na kulia pamoja, osha diski kwa sabuni na maji, kausha. Halafu zizoeshe pedi na diski: punguza mwendo kwa breki kutoka 60 hadi 20, mara 8 au 10, bila kusimama kabisa, ukiacha upepo upoze katikati. Usipitie kwa waosha magari diski zikiwa za moto.

Bado linatikisika? Sasa ndiyo uingize mtaimbo kwenye bushi, yaani mipira ya mkono wa chini unaoshika tairi, na uchunguze boljointi, kile kiungo cha duara mwishoni mwa mkono huo. Bushi iliyochoka haizalishi mtetemo, inaukuza tu. Lakini mafundi hupenda kuanzia hapo, kwa sababu bushi inaonekana kwa macho na haihitaji mikromita. Utabadili, mtetemo utapungua, utamlipa, utamsifia kwa wenzako, mpaka bushi mpya nazo zichoke juu ya diski ileile.