Digrii peke yake haikupeleki chumba cha injini

Nimesoma makala inayowashawishi vizuri vijana wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) wachague uhandisi wa meli, ila imeruka jambo linalowakwamisha wengi: muda wa bahari. Kwa mkataba wa STCW, unaosimamia vyeti vya mabaharia duniani, digrii tu haikuruhusu kushika zamu ya injini. Unatakiwa uwe na miezi isiyopungua 12 ya karakana na kazi melini kwa pamoja, na angalau miezi 6 uwe umeshika zamu chini ya injinia mkuu au afisa mwenye sifa, huku kila kazi ikisainiwa kwenye kitabu cha mafunzo. Sasa meli ya kukupokea iko wapi? Wenzangu kadhaa waliishia kutengeneza jenereta na viyoyozi mjini.

Masomo yenyewe sina ugomvi nayo. Thamodainamiki, yaani elimu ya joto na nishati, ni ileile ya watu wa mekanika. Tofauti utaiona ukishuka kule chini: injini kubwa ya mwendo wa polepole haina giaboksi, inawashwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na ukitaka meli irudi nyuma unaizima kisha unaiwasha izunguke kinyume. Mafuta mazito nayo, meusi kama lami, hupashwa moto na kusafishwa kwanza ndipo yafike kwenye nozeli, vitundu vinavyonyunyizia mafuta ndani ya injini. (Joto la humo ndani tusiliongelee.)

Mdogo wangu unayejaza fomu, kabla ya kuuliza ada uliza chuo kina makubaliano na kampuni gani ya meli. Wakianza kuzungusha maneno, chukua mekanika ya kawaida. Viwandani hakuna anayekudai kitabu cha mafunzo ya bahari.