Pua ya aliyepandikizwa figo: kengele au kelele?

Mei 18, 2020, Uingereza iliingiza kutosikia harufu wala ladha kwenye orodha rasmi ya dalili za korona, kando ya homa na kikohozi. Kwa mtu aliyepandikizwa figo, je, dalili hii ni ya kutegemewa?

Wanaoitetea wana hoja nzito. Mgonjwa huyu humeza takrolimasi, mara nyingi pamoja na prednisoloni, ili mwili usiikatae figo. Kinga ikishushwa hivyo, homa inaweza isipande hata virusi vikiwa vimejaa tele. Tuseme yuko jikoni, maharage yanaungua, na jirani ndiye anayepiga hodi kumwambia. Ukimpima joto: 36.8. Hapo pua imetangulia kipimajoto. Na sababu ipo: kirusi hakianzi na neva zenyewe za harufu, huvamia seli zinazozilea, maana ndizo zenye kipokezi cha ACE2, mlango anaouingilia kirusi.

Wenye shaka nao si wa kubezwa. Tangu Omikroni, aina mpya ya kirusi cha korona, ienee mwishoni mwa 2021, wanaopotewa na harufu wamepungua sana, kwa hiyo pua inayonusa vizuri si cheti cha kutokuwa na korona. Tena ulimi wa mgonjwa wa figo una mambo yake. Figo ikilegea, taka zikajaa kwenye damu, chakula huwa kama chuma. Metronidazo, dawa ya kuua bakteria, nayo hufanya vivyo hivyo. Ajabu zaidi ni Paxlovid, dawa ya korona yenyewe. Huacha uchungu mdomoni, na ritonaviri iliyomo huzuia ini kuvunja takrolimasi, ikarundikana kwenye damu hadi kuidhuru figo ile ile tunayoilinda.

Mimi niko na wanaoitetea, ila tutenganishe pua na ulimi. Nusa kahawa iliyosagwa, kisha weka chumvi kidogo ulimini. Husikii kahawa, chumvi unaisikia, na pua haijaziba? Kapime korona siku hiyo hiyo, usingoje homa. Kahawa inanukia lakini kila chakula kina ladha ya msumari? Mpigie daktari wako, muulize kuhusu dawa na kipimo cha figo. Usiache kidonge chochote kwa uamuzi wako. (Wala usijipime kwa Vicks: ule ubaridi hupitia neva nyingine, hata asiyesikia harufu kabisa atauhisi.)

Ila kama kuna mtu anakohoa humo nyumbani, kapime hata kahawa ikinukia. Hapo wenye shaka wamenishinda.