Ngumi iko kichwani au mkononi?

Ukipita jioni kwenye kumbi za karate za Bukavu, mji wa Kivu mashariki mwa Kongo, kuanzia mtaa wa Kadutu hadi Ibanda, utakutana na mafundisho mawili yasiyopatana. Mwalimu mmoja, ambaye wanafunzi wanamwita Maître kama ilivyo desturi ya huku, atakuambia: "Ngumi iko mu kichwa, haiko mu mukono." Wa pili hana subira na maneno hayo: "Piga mara elfu kwanza, kisha tutaongea." Wa kwanza huwaambia wanafunzi wafumbe macho kabla ya mazoezi, waione ngumi yao ikifika. Wa pili huwakimbiza mlimani, na milima Bukavu haikosekani, kisha huwapanga mstari wapige gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, mpaka mabega yawake moto.

Kila upande una mzee wa kumtaja. Gichin Funakoshi, mtu wa kisiwa cha Okinawa, Japani, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, aliweka katika kanuni zake 20 kwamba roho inautangulia ufundi. Wenye mazoezi ya jasho humjibu kwa mwalimu wake mwenyewe, Anko Itosu, aliyeandika barua ya mafunzo kumi Oktoba 1908 akitaka karate ifundishwe mashuleni Okinawa. Humo anahimiza kupiga makiwara, ule ubao uliosimikwa ardhini na kuzungushiwa kamba, mara mia moja hadi mia mbili. Lakini barua hiyohiyo inamtaka mwanafunzi ajione yuko vitani, macho makali, mabega chini, adui mbele yake. Itosu basi hawezi kuwa shahidi wa upande mmoja, na hilo la vita lina uzito wake kwetu, kama nitakavyoeleza.

Hoja ya wenye mazoezi ya jasho ina nguvu kuliko wao wenyewe wanavyojua. Ngumi huanzia kisigino cha nyuma, ikapita kiunoni, ikapanda begani, ndipo ikafika kwenye vifundo vya vidole. Wazo haligeuzi kiuno. Mwaka 2012 watafiti wa London walichapisha matokeo ya kulinganisha watu 12 wenye mkanda mweusi na wengine 12 waliozoea mazoezi ya viungo lakini si karate. Wote walipiga ngumi kutoka sentimita 5 tu. Makarateka walipiga kwa nguvu zaidi, na tofauti hiyo haikutokana na ukubwa wa nguvu za misuli. Ilitokana na mpangilio wa wakati: jinsi bega na kifundo cha mkono vinavyofikia kasi yake ya juu kwa kupatana. Picha za ubongo nazo zilionyesha tofauti katika serebelamu, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu miondoko.

Hapo ndipo wa kichwa wanaporuka: si tulisema! Polepole kidogo. Serebelamu si makao ya ujasiri, wala ya imani. Inajifunza kwa marudio, bila kumuuliza mwenye kichwa ana maoni gani. Ni kichwa, sawa, lakini ni kichwa kinachojengwa na zile ngumi elfu za Maître wa pili. Isitoshe, waliopimwa walikuwa wameshaiva. Kipimo cha namna hiyo peke yake hakimalizi swali la kama karate ndiyo iliyoutengeneza ubongo ule, au wenye ubongo wa aina hiyo ndio wanaodumu katika karate wakati wengine wanakata tamaa.

Na kuwazia je? Kunasaidia, na kipimo kipo. Huko Cleveland, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watu walikaa kimya wakiwazia wanakaza kidole cha mwisho cha mkono, bila kukisogeza, kwa wiki 12. Nguvu ya kidole ikaongezeka asilimia 35. Waliofanya zoezi lenyewe waliongeza asilimia 53. Waliowazia kukunja kiwiko waliambulia asilimia 13.5 tu. Kwa kijana aliyeteguka mkono, au jioni ambayo mvua imefunga njia zote za Kadutu, hiyo si faida ya kudharau. Ila kuwazia kunabaki mboga. Bugali ni marudio.

Kuna jambo moja ambalo upande wa kichwa wana haki kabisa, nalo ni mahali pa kulenga. Mwaka 1979 Michael Feld, Ronald McNair na Stephen Wilk walieleza fizikia ya karate, wakaonyesha kwamba ngumi hufikia kasi yake kubwa kabla mkono haujanyooka wote, kwenye robo tatu hivi ya safari. (McNair alikuwa mwanafizikia na karateka mwenyewe, ndiye yule mwanaanga aliyekufa katika chombo cha Challenger mwaka 1986.) Mwanafunzi anayelenga ngozi ya mwenzake huifikisha ngumi ikiwa imeshaanza kupungua kasi. Anayelenga sentimita chache ndani ya kifua huifikisha ikiwa bado hai. Mkono ni uleule, miguu ni ileile, kilichobadilika ni nia. Nimeona walimu wakipoteza miezi kusahihisha kiwiko wakati kosa lilikuwa hapo.

Zaidi ya hapo, maneno ya roho na nguvu za ndani yananitia wasiwasi, na historia ya Kivu inanipa sababu. Agosti 1964 waasi wa Simba waliingia Stanleyville, Kisangani ya leo, wakiwa wamenyunyiziwa dawa na wakiimba "Mai Mulele", yaani maji ya Mulele, kiongozi wa uasi, ili risasi zigeuke maji. Askari wengi wa serikali walikimbia, kwa sababu na wao waliiamini dawa ile. Mwezi huohuo Simba walifika Bukavu. Askari wa Kanali Léonard Mulamba hawakukimbia, na mji haukuanguka. Imani ya anayepiga ilifanya kazi pale tu ambapo anayepigwa alikuwa nayo pia. Kumbini ni hivyohivyo: ukelele wa kiai na macho makali humyumbisha mdogo anayeuheshimu mkanda wako. Mpeleke kijana huyo kwa klabu nyingine, mbele ya mtu asiyemjua, ndipo utajua alikuwa na ngumi au alikuwa na sifa.

Sasa ile vita ya Itosu. Kumwambia mtoto wa shule "mwone adui mbele yako" kunaweza kuwa mchezo mahali pengine. Bukavu iliingiliwa na watu wenye silaha mwaka 1996, ikaingiliwa 2004, ikaingiliwa tena 2025. Kijana akifumba macho hapa, adui anayekuja ana sura. Wapo walimu wanaolipenda hilo. Husema hasira ni mafuta. Mimi nadhani wanakosea hata kwa hesabu ya ngumi tu, tukiacha kwanza huruma. Mwenye hasira hukaza kila kitu kwa pamoja: misuli inayonyoosha mkono inasukuma, inayoukunja inavuta, na ngumi inatoka nzito na polepole. Stuart McGill, mtafiti wa Kanada, aliwapima wapiganaji wa kiwango cha juu, akaona misuli yao ikikaza mwanzoni, ikilegea katikati ya safari, ikikaza tena wakati wa kugusa. Kule kulegea katikati ndiko hasira inakokuondoa. Yule aliyefumbishwa macho aone mtesi wake anatoka mazoezini ameumia mara mbili, na ngumi yake haijasogea.

Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ninampeleka kwa Maître wa mlimani, na neno moja tu la yule mwingine: lenga ndani. Lakini kumbi zote mbili zinaniachia deni lilelile. Moja hupiga macho yakiwa yamefumbwa, nyingine hupiga hewa, na hofu yenyewe, ile ya kupiga huku ukijua na wewe utapigwa, haiguswi. Watakuambia glavu na kinga ya meno ni ghali. Ni kweli, na jozi moja hupokezanwa na darasa zima. Ila si lazima kuanzia huko. Wapange wawili wawili, umbali wa kweli, mmoja apige kifuani polepole mpaka aguse, mwenzake atoe pumzi asirudi nyuma, na kasi ipande wiki kwa wiki. Na mwalimu aache kutazama ngumi. Atazame mabega ya anayepiga, aone yanapanda wakati gani.